Silikanti: silabi zake na matamshi yake kwa Kiingereza

Huku kwetu Tanga, Kigombe ikiwemo, bahari ni hifadhi ya samaki aitwaye silikanti tangu 2009. Jina tumelizoea. Kazi inaanza mwanafunzi anapofungua kitabu cha bayolojia na kukuta limeandikwa kwa Kiingereza: coelacanth. Mpwa wangu alilisoma kama lilivyo, ko-e-la-kan-thi, wenzake wakamcheka.

Silabi ni kipande cha neno kinachotoka kwa pigo moja la sauti. Kwa Kiswahili, kila irabu unayoiona ina silabi yake, ndiyo maana mtoto aliona o na e akazipa silabi mbili. Kiingereza hakifuati herufi hivyo. Hapo oe ni sauti moja tu, i ya kuvuta. C ya mwanzo inatamkwa s; ya pili, kwa kuwa inafuatwa na a, inatamkwa k. Neno linakatwa coel-a-canth, silabi tatu, SII-la-kanth, mkazo ukiwa kwenye ya kwanza. A ya katikati imefifia, mdomo haufunguki sana. Th ya mwisho ni ile ya "thelathini": ulimi uguse meno, kisha uishie hapo hapo, usiongeze i.

Ila kukata kwa sauti si kukata kwa maana, na hapa ndipo neno linaponoga. Limetoka kwenye Kigiriki: koilos, chenye uwazi ndani, na akantha, mwiba. Kwa maana, basi, linakatwa mahali pamoja tu: coel na acanth. Mwanasayansi Louis Agassiz ndiye aliyelitoa katika karne ya 19, akiwa na visukuku tu mkononi, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, kwa sababu vijiti vya pezi la mkiani vilikuwa na uwazi kama mwanzi. Samaki mwenyewe, akiwa na nyama na magamba yake, wanasayansi walimwona 1938 huko Afrika Kusini.

Kwa hiyo mpwa wangu, na ile k yake ya mwanzo, alikuwa karibu na Wagiriki kuliko waliomcheka. Nilimwambia hivyo.

Kiswahili chenyewe kilichukua sauti, kikaziacha herufi: si-li-kan-ti. Silabi zimekuwa nne, maana neno letu hupenda kuishia na irabu, na mkazo umehama kutoka mwanzo ukakaa kwenye "kan", silabi ya pili kutoka mwisho, kama ulivyo kwenye "samaki" na "Kigombe".