Sindano umechoma, chai iko wapi? Maswali ya wagonjwa wa kisukari wanaosafiri asubuhi

Kila asubuhi kwenye bandari ya Malindi, Unguja, kwenye gati ya Mkoani, Pemba, na kwenye vituo vya gari za shamba, yupo mgonjwa wa kisukari aliyekwisha kuchoma sindano au kumeza kidonge nyumbani, na mdomoni hajatia kitu. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Nitakunywa chai nikifika." Huku nyuma dawa inashusha sukari ya damu, na tumbo halina kitu cha kuikabili. Majibu haya ni yake yeye, na ya yule aliyekaa naye kiti kimoja.

Swali: Kushuka kwa sukari ni kitu gani?

Jibu: Ni sukari ya damu kuwa chini ya 4 kwenye mashine zetu, zinazosoma kwa milimoli kwa lita. Chini ya 3 ni hatari zaidi. Ubongo unaitegemea sukari hiyo kila dakika. Ikianza kupungua mtu hutoka jasho la baridi, hutetemeka, moyo humwenda mbio, husikia njaa ya ghafla na kizunguzungu. Ikizidi kushuka huongea maneno yasiyoeleweka, hukasirika bila sababu, huona ukungu, kisha hupoteza fahamu au hupatwa na kifafa. Anayetumia dawa za presha kama propranololi au atenololi huenda asitetemeke wala moyo usimwende mbio. Huyo jasho ndilo la kuliangalia.

Swali: Boti inaondoka saa 1 asubuhi. Mimi huchoma insulini saa 11 alfajiri, na chai nakunywa Dar es Salaam. Kuna ubaya gani?

Jibu: Ubaya upo, na ni mkubwa. Usifanye hivyo.

Chukua insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa iliyoandikwa 30/70. Sehemu 30 kwa mia ni ya haraka: huanza kazi baada ya nusu saa hivi, na nguvu yake huwa kubwa kati ya saa ya pili na ya nne. Ukichoma saa 11, nguvu hiyo inakuja kati ya saa 1 na saa 3, na wewe upo katikati ya bahari. Boti ya kasi huchukua kama saa 2. Ukishuka, ukangojea mzigo, ukapata gari, ukafika kwa jamaa na chai ikatengwa, imeshagonga saa 4. Hizo ni saa 5 dawa inashusha sukari na tumbo halina kitu, na zile sehemu 70 za pole pole ndiyo kwanza zinapamba moto.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, kula nyumbani: choma saa 10 na nusu, saa 11 kaa ule, ndipo uage. Usiseme muda huo tumbo halitaki. Kama tumbo halitaki chakula, basi halitaki na sindano. Ya pili, beba sindano yako, uchome pale utakapokuwa umekaa mbele ya sahani. Ukichelewesha ya asubuhi kwa saa 2 au 3, ya jioni nayo isogezwe, na hilo lipangwe na daktari wako kabla ya siku ya safari, si kwenye foleni ya tiketi. Kuiacha kabisa insulini siyo njia ya tatu, hasa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hauna insulini nyingine.

Chakula kiwe mkononi, ndipo sindano itoke mkobani.

Swali: Mimi sichomi, nameza vidonge tu. Hayo si ya wenye sindano?

Jibu: Inategemea ni kidonge gani, na hapa ndipo wengi hukosea. Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Hunywewa pamoja na chakula ili isilete kichefuchefu na kuharisha. Glibenklamidi ni habari nyingine. Hiyo hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala, na kazi yake huweza kufika saa 24. Gliklazidi ni ya ukoo huo huo. Kwa mzee, au mtu mwenye maradhi ya figo, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi na hatari huongezeka.

Kwa hiyo jibu ni lile lile la sindano: usimeze glibenklamidi ukapanda gari na njaa. Na tafadhali ijue dawa yako kwa jina. "Kile kidonge kidogo cheupe" si jina. Soma karatasi ya vidonge, au mpe mtoto wa skuli aisome na akuandikie.

Swali: Nimekunywa bakuli la supu ya pweza kituoni. Si nimekula?

Jibu: Hujala chakula cha kuikabili sindano. Supu ya pweza au ya mbuzi ni nzuri, ila haina wanga wa maana, na wanga ndio unaogeuka sukari ya damu. Kahawa chungu ni maji ya moto. Yai peke yake halitoshi. Weka pamoja na supu hiyo chapati moja kubwa, au slesi 2 za mkate, au mhogo au mbatata ya kuchemsha ya kujaa ngumi. Maharage au mbaazi zikiwepo ni bora zaidi, kwa sababu sukari yake hutoka taratibu na inakufikisha mbali.

Wengine wakisikia neno "kula" huruka upande wa pili: maandazi manne, vitumbua viwili, na chai ya maziwa. Chai ya hotelini mara nyingi imeshatiwa sukari ndani ya chupa, na si kidogo. Uliza kabla ya kumiminiwa. Kama haipo isiyo na sukari, kunywa maji.

Swali: Hotelini nichome saa ngapi? Niliambiwa nusu saa kabla ya kula.

Jibu: Nyumbani, ambako chakula unakiona jikoni, nusu saa kabla ni sawa. Hotelini usiitegemee nusu saa hiyo. Mhudumu atakwambia "inakuja sasa hivi", kisha moto uzimike, chapati ziishe, au kondakta wako apige honi. Agiza kwanza. Sahani ikishafika mezani pima, choma, na uanze kula hapo hapo. Sukari itapanda zaidi kidogo kuliko kama ungechoma mapema, na hilo lina nafasi ya kurekebishwa. Kuanguka ndani ya gari ya Makunduchi na sindano tumboni hakuna nafasi hiyo.

Insulini nyeupe ibiringishe baina ya viganja mara 10 hadi 20 mpaka iwe rangi moja. Usiitikise kwa nguvu. Mapovu hukupunguzia kipimo.

Swali: Ndani ya boti nimetoka jasho na kichefuchefu. Nitajuaje kama ni bahari au ni sukari?

Jibu: Kwa kuhisi tu huwezi kujua. Anayelevywa na bahari naye hutoka jasho la baridi na hupauka. Pima. Kama huna mashine na ulichoma au kumeza dawa, chukulia kwamba sukari imeshuka na uitibu. Kutetemeka na kuchanganyikiwa maneno usikusingizie mawimbi. Na ukitapika baada ya kuchoma, chai uliyokunywa haipo tena lakini dawa ipo: kunywa kidogo kidogo kinywaji chenye sukari, funda moja moja, na pima kila saa mpaka ufike.

Swali: Sukari imeshuka kweli. Nifanye nini?

Jibu: Usilale. Usisubiri ipite, haipiti. Usisubiri boti ifike.

Unahitaji gramu 15 za sukari ya haraka, sasa hivi. Ni vijiko vya chai 3 vilivyojaa, au 4 vya kupigwa usawa, vikorogwe kwenye nusu gilasi ya maji. Au nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 au 350. Au kijiko kimoja cha chakula cha asali. Soda iliyoandikwa haina sukari haikusaidii kitu. Maji ya dafu usiyategemee, sukari yake ni kidogo. Haluwa nayo si ya wakati huu: samli iliyomo huichelewesha sukari kuingia katika damu, na wewe huna muda huo.

Ngojea dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4? Rudia kiasi kile kile. Ikishapanda, kula kitu cha wanga, mkate au ndizi, la sivyo itashuka tena. Sukari hiyo utaipata wapi ndani ya boti? Mkobani mwako, kwenye karatasi uliyoifunga nyumbani, na mkoba huo uwe miguuni pako, si kwenye rundo la mizigo.

Swali: Mwenzetu mwenye kisukari alianza kutetemeka ndani ya gari. Tulitaka kumpa soda, abiria wakakataza kwamba mgonjwa wa kisukari hapewi sukari.

Jibu: Mpeni. Katazo hilo linaua. Anayetetemeka, anayetoka jasho, anayeongea ovyo na alichukua dawa zake asubuhi, huyo anahitaji sukari hata kama kadi yake ya kliniki imejaa maandishi ya "punguza sukari". Hamna mashine? Mpeni vile vile. Kama sukari yake ilikuwa juu, vijiko vitatu havitaleta tofauti kubwa. Kama ilikuwa chini na mkamnyima, mnaweza kumharibu ubongo au kumpoteza.

Sharti ni moja: awe macho na aweze kumeza. Akiwa hana fahamu usimmiminie kitu mdomoni, si maji, si soda, si uji. Kitaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, legeza nguo za shingoni, na gari ielekee hospitali iliyo karibu bila kusimama kuteremsha abiria. Pale atapewa glukosi kwa njia ya mshipa. Waambieni wauguzi mapema kwamba ana kisukari, na mwende na dawa zake.

Swali: Amekunywa soda, ameamka, anacheka. Hospitali ya nini tena?

Jibu: Kama anatumia glibenklamidi au gliklazidi, apelekwe hata kama anacheka. Dawa bado imo mwilini. Sukari itapanda kwa ile soda, na baada ya saa chache itashuka tena, pengine usiku amelala na hakuna anayemwona. Wazee wetu wengi huachwa hivi: "ameshapata nafuu, apumzike." Hapana. Aangaliwe na wauguzi, apimwe mara kwa mara kutwa nzima. Aliyeshuka Mkoani, Hospitali ya Abdulla Mzee iko hapo hapo. Aliye mjini Unguja aende Mnazi Mmoja. Vivyo hivyo kwa yeyote aliyepoteza fahamu, dawa yake iwe ipi.

Swali: Mimi ni dereva na nachoma insulini. Naruhusiwa kuendesha?

Jibu: Zungumza na daktari wako kwanza. Akikuruhusu, pima kabla ya kuwasha gari, na usiondoke chini ya 5. Kisha pima kila baada ya saa 2. Ikishuka njiani simama, zima gari, tumia sukari, na usirudi kwenye usukani mpaka zipite dakika 45 tangu kipimo kirudi sawa, kwa sababu akili huchelewa kurudi kuliko namba. Abiria watanung'unika. Waache wanung'unike.

Swali: Insulini niibebe vipi?

Jibu: Kwenye mkoba unaoukalia karibu, iwe na kivuli. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, na isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika.

Swali: Na nikiwa nimefunga?

Jibu: Mgonjwa na msafiri wote wamepewa ruhusa ya kufungua, na wewe ni vyote viwili. Ukiamua kufunga, dawa zipangwe upya na daktari kabla ya Ramadhani kuingia. Kipimo kikisoma chini ya 3.9, fungua pale pale. Usihesabu dakika zilizobaki za magharibi.

Swali: Nimeshachoma, sijala, na gari inaondoka sasa hivi.

Jibu: Mwambie kondakta asubiri, teremka, nunua chapati na yai kwa muuzaji wa hapo kituoni, na uanze kula kabla gari haijatoka mjini. Kama hapana chakula, usipande. Gari ya baada yake ipo.