Unapouogopa Usiku Kabla Haujaingia

Kulala mtu anaweza kuamua. Anazima taa, anashusha chandarua, anajinyoosha. Usingizi hauamuliwi. Ndiyo maana kwa Kiswahili tunasema mtu amepitiwa na usingizi, usingizi umemchukua, umemzidi. Hakuna asemaye ameuchukua usingizi. Waliotuachia lugha hii walilijua jambo ambalo wengi wanaokuja kuniona wamelisahau kwa sababu ya mateso: usingizi ndio unaomjia mtu, na ukimkuta anautafuta kwa nguvu, unamruka.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba katika kliniki ya afya ya akili hapa Dar es Salaam. Nikimuuliza mtu aliyekuja kwa shida ya usingizi, "Tatizo lako huanza saa ngapi?", mara nyingi hanitajii saa nne wala saa tano usiku. Ananiambia saa kumi na moja jioni. Jua likianza kuinama, tumbo linajikaza, anaanza kupiga hesabu: leo nitalala? Na nisipolala, kesho nitafanyaje kazi? Bado hajala chakula cha usiku, na tayari kitanda kinamtisha.

Nichukue mfano wa mwalimu wa sekondari. Si mtu mmoja. Nimemuunda kutokana na visa vingi vinavyofanana. Mama yake aliugua, akamuuguza hospitalini wiki mbili akikesha kwenye kiti. Kukosa usingizi kwa sababu kama hiyo si ugonjwa, ni maisha. Mama akapona. Mwalimu akarudi kitandani kwake, na usiku wa kwanza akagaagaa mpaka saa nane. Kesho yake akasinzia kwenye mtihani aliokuwa akiusimamia, akaona aibu. Usiku uliofuata akaamua kupanda kitandani saa tatu ili afidie. Hakupata hata lepe la usingizi. Akaanza kulala mchana Jumamosi, akaacha kwenda kwenye kikao cha ukoo kisije kikamchosha, akanunua vidonge duka la dawa. Miezi minne baadaye mama alikuwa amerudi shambani kwake, na mwanawe alikuwa bado anakodoa macho gizani.

Ugonjwa wa kukosa usingizi unakaa kwa namna hiyohiyo. Mtafiti wa Marekani, Arthur Spielman, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba kuna kinachomwandaa mtu, kuna kinachoanzisha tatizo, na kuna kinachoendeleza. Kilichoanzisha kinaweza kuwa kimekwisha zamani. Kinachoendeleza ni yale tunayoyafanya kujiokoa: kuwahi kitandani, kufidia mchana, kutazama saa, kuuchunga usingizi kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa. Kwa kipimo cha kitabibu, tatizo huitwa sugu likitokea angalau usiku 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 3 au zaidi, nawe una nafasi ya kutosha ya kulala, na mchana wako unaharibika kwa sababu hiyo.

Mwilini usingizi una nguvu mbili zinazoufanyia kazi. Ya kwanza ni njaa ya usingizi. Kadiri unavyokaa macho ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyojikusanya kwenye ubongo, na uzito wake ndio unaokufumba macho. Kahawa na chai ya rangi haziiondoi adenosini, zinaziba tu milango yake. Na kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na moja jioni bado kina nusu yake mwilini saa nne usiku. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, inayopangwa zaidi na mwanga wa asubuhi. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati hapo, maana jua letu huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima.

Hofu inaweza kuzishinda zote mbili. Ubongo ukiona hatari, unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, masikio yanasimama. Mwili hautofautishi kati ya mwizi dirishani na wazo la "nisipolala leo nimekwisha". Mtu huyo amechoka kweli, anasinzia sebuleni kwenye taarifa ya habari, lakini akikanyaga tu chumbani macho yanafunguka. Watu hunieleza jambo hili kama fumbo, wengine kwa kunong'ona wakidhani wamerogwa. Ukweli ni kwamba sebuleni hawakuwa wakijaribu kulala. Chumbani, usiku baada ya usiku, kitanda kimefundishwa kuwa mahali pa kuhangaika, nao mwili umelishika somo hilo.

Tiba yake ni kufuta somo hilo na kuandika jingine. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari wa Marekani kilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya kisaikolojia inayobadili fikra na mazoea, kabla ya dawa. Mwaka 2017 wataalamu wa usingizi wa Ulaya wakasema hivyohivyo. Kwa kawaida ni vipindi 4 hadi 8.

Sehemu ya tiba hiyo ilianzishwa na Richard Bootzin mwaka 1972, nayo inaeleweka kirahisi: panda kitandani pale tu macho yanapokuwa mazito, na ukiona usingizi hauji na umeanza kukereka, ondoka. Kaa mahali pengine, fanya kitu cha utulivu kwenye mwanga hafifu, urudi usingizi ukikurudia. Hata kama ni mara tano kwa usiku mmoja. Kitanda kisitumike kwa simu, hesabu za madeni wala kula. Tendo la ndoa halihesabiwi katika katazo hilo.

Najua swali linalofuata, kwa sababu naulizwa kila mara. "Daktari, mimi nimepanga chumba kimoja, kitanda ndiyo kochi, ndiyo meza ya kulia. Niondoke niende wapi?" Ni swali la haki, na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyumba za vyumba vitano hayalijibu. Tumepata njia zinazofanya kazi. Tandika mkeka au weka kigoda pembeni, hapo pawe mahali pa kukaa macho. Mchana, ukilazimika kukalia kitanda, kalia upande wa miguuni, juu ya khanga, si pale unapoweka kichwa. Na chandarua kiwe alama: kikunjwe muda wote, kishushwe tu pale unapokwenda kulala. Ukiamka kukaa kwenye mkeka, vaa mikono mirefu na usitoke barazani, maana mbu wa malaria huuma usiku. Kama mnalala watatu chumbani, waeleze wenzako mapema kwamba ni matibabu. Mke akisikia "nitaamka mara kwa mara kwa wiki mbili, usiogope" hatamuuliza mumewe kila saa, "Baba Neema, bado hujalala?" Swali hilo hutoka kwenye upendo, lakini linamrudisha mtu kwenye kuhesabu.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi na ndiyo watu huipinga. Mwalimu wetu anajilaza saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, saa 9, lakini anasinzia jumla ya saa 6 hivi. Tatu nyingine ni za mateso. Tunamwomba apande kitandani saa sita usiku na aamke saa kumi na mbili, kila siku, Jumapili ikiwemo, bila kulala mchana. Njaa ya usingizi inakusanyika, na usiku uliokuwa wa mang'amung'amu unaanza kushikamana. Akifika mahali ambapo analala takriban asilimia 85 ya muda anaokuwa kitandani, tunamwongezea dakika 15 kwa wiki. Muda wa kuwa kitandani hatuushushi chini ya saa 5 kwa usiku. Wiki ya kwanza atakuwa mchovu kuliko alivyokuja; ni lazima nimwambie hivyo mwanzoni. Mwenye kifafa, aliyewahi kupandwa na hali ya uchangamfu uliopita kiasi, au dereva wa basi na bodaboda asijaribu njia hii peke yake.

Kwa wale ambao hofu yenyewe ndiyo imeshika usukani, kuna zoezi ambalo huwashangaza. Jilaze gizani, macho wazi, ukusudie kukaa macho. Usitumie simu, usijitikise. Kataa kulala kwa upole tu. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, aliitumia njia hii ya kukusudia kinyume kwa hofu za aina nyingi. Inafanya kazi kwa sababu inaondoa mtihani. Huwezi kufeli kulala ikiwa hukukusudia kulala.

Mambo ya fedha, ada na mgonjwa aliyeko kijijini yapewe saa yao jioni, kwenye daftari, kabla giza halijakolea: nini kinanisumbua, hatua gani ndogo nitaichukua kesho. Saa ya ukutani igeuzwe, simu iwe mbali na mkono. Kujua kwamba ni saa tisa hakujawahi kumlaza mtu.

Wapo pia wanaoogopa usingizi wenyewe, kwa sababu wamekabwa na jinamizi. Waliokuwa Pemba na Unguja mwaka 1995 wanaikumbuka hofu ya popobawa, zimwi lililosemwa kuwavamia watu usiku, watu wakilala nje kwa makundi. Siingilii imani ya mtu. Ninachoweza kueleza ni upande wa mwili: tunapoota ndoto nzito, misuli hulegezwa ili tusizitende ndoto hizo, na wakati mwingine akili huzinduka kabla misuli haijafunguliwa. Mtu anaona chumba, hawezi kunyanyua kidole, kifua kizito. Huisha kwa sekunde au dakika chache, nayo haiui. Huja zaidi kwa aliyekosa usingizi na aliyelala chali, kwa hiyo kukesha ili kuikwepa kunaiita. Mwambie mtu unayemwamini; wengi wanaibeba hofu hii peke yao kwa miaka.

Kuhusu vidonge nitasema kwa msisitizo. Piriton ni dawa ya mzio. Inasinzisha, mwili huizoea haraka, na kwa wazee huleta kuchanganyikiwa na kuanguka. Diazepam na jamii yake, dawa za kutuliza na kulaza, husaidia kwa siku chache chini ya uangalizi, lakini zikizoeleka zinamshika mtu. Kama umezitumia kwa muda mrefu, usizikate ghafla, unaweza kupata degedege. Mwone daktari azipunguze taratibu. Pombe inakulaza upesi na kukuamsha usiku wa manane.

Si kila kukosa usingizi ni hofu. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini, anayesumbuliwa na miguu isiyotulia, hasa mjamzito au mwenye upungufu wa damu, anayeamka alfajiri na huzuni isiyoelezeka, hao wanahitaji vipimo na tiba nyingine. Na mwenye mawazo ya kujidhuru aende hospitali leo, asisubiri miadi.

Wengine wote nawaomba kitu kimoja kabla ya kuja kutuona. Kwa siku 7 andika asubuhi, kwa kukadiria bila kutazama saa usiku: ulipanda kitandani saa ngapi, unadhani ulisinzia saa ngapi, uliamka mara ngapi, ulitoka kitandani saa ngapi, mchana ulikunywa na kumeza nini. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, uliza mapokezi. Njoo na daftari hilo, hata kama limeandikwa vibaya, hata kama kuna siku ulisahau. Tutaanzia hapo.