Maua ya vyunguni na kiangazi cha Mtwara: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bogonvilia halifi." Kauli hiyo imeua maua mengi ya barazani kuliko wadudu. Ni kweli kwamba bogonvilia lililopandwa ardhini, tuseme pale Shangani, hupita kiangazi bila hata kopo la maji, maana mizizi yake imeshuka chini ambako ubaridi na unyevu bado vipo. Lile la kwenye ndoo halina pa kushuka. Udongo wa ndoo ndiyo dunia yake yote, na dunia hiyo inapigwa jua kila upande. Nchi za theluji wana shida hii hii kinyumenyume: ua linalohimili baridi kali likiwa bustanini hufa likiwa chunguni, kwa kuwa udongo wa chungu huganda upesi. Ndiyo maana wao huvivika vyungu magunia. Na sisi tuvivike, ila kwa ajili ya jua.

Wengine husema Juni na Julai ni baridi, kwa hiyo maua yamepumzika. Joto limepungua kweli, lakini msimu wetu wa mvua ni mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei hivi, na baada ya hapo kusi inavuma. Upepo huo hukausha majani na udongo bila kelele. Usihesabu siku, chomeka kidole hadi fundo la pili, kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kibaba cha kila jioni hulowanisha juu tu. Kazi yenyewe hasa huja Oktoba, jua linapotupitia utosini, korosho zinaanguka na mvua haijaja.

Kuhusu vyungu, watu wanabishana bure. Plastiki hutunza maji, sawa. Lakini cheusi kikikaa kwenye sakafu ya saruji juani, udongo wake unaweza kupita nyuzi 40, na hapo mizizi ya mimea mingi huanza kuumia. Chungu cha udongo hufanya kama mtungi: maji hujipenyeza kwenye kuta, yanakauka nje, ndani kunapoa. Aliyekunywa maji ya mtungini hahitaji maelezo zaidi. Gharama yake ni kwamba udongo hukauka haraka. Mimi nachanganya: kopo la plastiki ndani ya chungu kikubwa, katikati nashindilia makumbi ya nazi. Asiye na vyungu vikubwa avisogeze pamoja vivuliane, vyenye majani mazito vikae upande wa magharibi.

"Ukimwagilia saa sita mchana, matone yanaunguza majani kama kioo." Watafiti wa Hungaria walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2010: kwenye majani laini, matone hayakuunguza. Majani yenye manyoya ndiyo yanaweza kupata doa. Kinachochoma ni maji ya mpira ulioachwa juani. Asubuhi ni bora kwa sababu maji hayapotei hewani, lakini ua lililonyauka mchana lipe maji, usilisubirishe.

Kokoto chini ya chungu "ili maji yapite" nazo hazisaidii. Maji hayatoki kwenye udongo mlaini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, hivyo unapandisha tope karibu na mizizi na kuipunguzia nafasi. Tundu zuri kwenye kitako linatosha.

Matandazo ya kufunika udongo ni lazima, ila si kila ganda. Maganda mabichi ya korosho yana mafuta yanayochubua mikono, yaache. Majani makavu ya mwembe yanafaa.

La mwisho ni ule ukoko mweupe juu ya udongo, ambao jirani yangu anauita nguvu ya mbolea na kuulinda. Mara nyingi ni chumvi, hasa kwa anayetumia kisima cha karibu na bahari, na kuongeza mbolea kwenye udongo mkavu huizidisha. Kwangua ukoko, kisha mimina maji baridi yasiyo na chumvi, mara tatu mfululizo, yakitoka chini kila mara. Kama huna maji hayo, subiri mvua ya kwanza kubwa, uvitoe vyungu vyote uani vioge usiku kucha.