Kilele cha subaktiki maana yake nini, na kwa nini Denali inatesa kuliko urefu wake

Subaktiki ni ule ukanda ulio kusini kidogo ya Aktiki yenyewe (eneo linaloizunguka ncha ya kaskazini ya dunia), sehemu kubwa ya Alaska, kaskazini ya Kanada, Siberia na Skandinavia. Majira ya baridi ni marefu kweli, kiangazi kinakuja na kuondoka, miezi ambayo wastani wa joto unafika nyuzi 10 za Selsiasi ni mmoja hadi mitatu tu. Sasa chukua baridi hiyo ya usawa wa chini, halafu pandisha mlima juu yake, ndo unapata kilele cha subaktiki.

Mfano mzuri ni Denali ya Alaska (ndo ileile McKinley, Trump alilirudisha hilo jina kiserikali 2025 ila Waalaska wengi wanaendelea kusema Denali). Ina mita 6,190, imeizidi Kilimanjaro kwa mita 295 tu, kwa hiyo mtu aliyefika Uhuru anaweza kusema aah hiyo mbona naimaliza. Subiri kwanza. Kili iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, Denali iko nyuzi 63 kaskazini, na hapo ndo kila kitu kinabadilika. Kili msitu unakusindikiza mpaka kama mita 3,000, Denali miti inakata kwenye mita 750 hivi, baada ya hapo ni vichaka vifupi, mawe, halafu barafu mpaka juu. Wapandaji wengi wanapelekwa na kindege chenye ski (vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji) kinachotua juu ya mto wa barafu wa Kahiltna, mita 2,200, kutoka hapo unavuta mzigo wako mwenyewe kwenye sleji (kigari cha kuburuta kwenye theluji, hakina magurudumu), hamna wapagazi wa kukubebea.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni hewa. Hewa ya baridi imeshikana na inakaa chini chini, tabaka la hewa karibu na ncha za dunia ni jembamba kuliko la ikweta, kwa hiyo ukipanda huko presha ya hewa inashuka haraka zaidi, yaani mita zilezile 6,000 za Alaska mapafu yanazihesabu kama zaidi, na oksijeni unayoipata ni kidogo kuliko ya mlima wa urefu huohuo huku kwetu.

Baridi sasa. Kituo cha hali ya hewa kwenye mita 5,700 hivi kilisoma nyuzi 59.7 chini ya sifuri tarehe 1 Desemba 2003, na hapo upepo hujauhesabu. Unyevu unatoka Ghuba ya Alaska upande wa kusini, unagonga mlima unamwaga theluji, upande wa kaskazini unabaki mkavu zaidi, na mawingu yanakifunika kilele hadi watalii wengi wanaondoka hawajakiona. Ndo maana watu wanapanda Mei mpaka katikati ya Julai, Juni hata usiku giza haliingii vizuri.

Halafu kuna suala la choo, samahani lakini ni muhimu. Kwenye baridi ile kinyesi hakiozi, ukikitupa kwenye ufa kinasafiri na barafu polepole kitokee bondeni baada ya miaka mingi, kwa hiyo kila mpandaji anapewa kopo lenye mfuniko wa kukaza na anashuka nalo.