Programu ya Bure na Programu ya Kukraki Ni Vitu Viwili

Msimu huu wa maombi ya mikopo ya vikundi, dawati letu la TEHAMA limepokea malalamiko ya aina moja kutoka kila pembe ya Jiji la Tanga: katiba ya kikundi imechapwa vizuri nyumbani, ikifika steshenari inafunguka shaghalabaghala.

Wiki iliyopita walikuja akina mama wanaokaanga samaki pale Deep Sea. Jedwali la wanachama lilikuwa limekatika. Jina la mweka hazina liko ukurasa wa nne, mstari wa sahihi yake umerukia wa tano. Mwenye steshenari moja ya Ngamiani alikuwa ameshawapa hukumu: "Mmeandikia programu ya bure, ndiyo maana."

Neno hilo si kweli, na tunalisikia kila siku. Kijana wao aliandika kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia hati, akatumia fonti (muundo wa herufi) ya mapambo aliyoipakua mwenyewe. Kompyuta ya steshenari haina fonti hiyo, ikaweka nyingine yenye herufi pana zaidi. Mistari ikarefuka, jedwali likasukumwa chini. Hata kama kompyuta zote mbili zingekuwa na Word ya kulipia, yangetokea hayo hayo. Hati ya kuchapwa peleka kwa PDF, faili inayotunza mpangilio na fonti zake, basi.

Ofisi yetu haimwelekezi mtu anunue bidhaa gani. Ila lazima tuseme tofauti zilizopo. Word inastahili bei yake kwa anayebadilishana rasimu kila siku na mawakili au ofisi zinazotumia Word, kwa sababu mpangilio na masahihisho kwa kawaida hufika yalivyo, mradi fonti ziwe zile zile. Ukilipia Microsoft 365, kifurushi chenye Word ndani yake, kwa mwezi au mwaka, malipo yakikatika utafungua na kuchapa hati zako, lakini kuhariri hutaweza. Wenye matoleo ya zamani yenye Word, Office 2016 na 2019, wajue kwamba huduma ya marekebisho ya usalama ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice.org mwaka 2010, haina ada. Unaruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta zote za duka na kufanyia biashara. Inafanya kazi bila bando, na ina kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili. Google Docs, ya kuandikia mtandaoni, ni nzuri mkiandika watu watatu hati moja, mradi mtandao upo. Kwa barua, wasifu na katiba za vikundi, sioni sababu ya mtu kuogopa programu hizi.

Ninachokiogopa mimi ni Word ya kukraki, yaani iliyovunjwa leseni. Wengi wanaiita "ya bure" kwa kuwa fundi hakudai pesa ya leseni. Ndugu zangu, hiyo si ya bure. Kijiprogramu cha kuvunja leseni kwa kawaida kinakutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Ukishaizima, umemfungulia mlango mtu usiyemjua, na kwenye kompyuta hiyo mna namba za NIDA za wateja wako.

Sheria nayo iko wazi. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki miliki: pasipo biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili; kwa biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Mahakama inaweza pia kuamuru fidia kwa aliyeathirika. Steshenari ni biashara. Kwa ushauri juu ya shauri lako binafsi, muone wakili.

Kwa wanaohamia LibreOffice, fanyeni hivi mara moja tu: ingia Zana (Tools), kisha Chaguo (Options), fungua Pakia na Hifadhi (Load/Save), bonyeza Jumla (General). Penye aina ya hati chagua hati ya maandishi. Penye "hifadhi daima kama" chagua Word yenye docx. Bonyeza Tekeleza, kisha Sawa. Usipobonyeza Tekeleza na Sawa, usije kutuambia imegoma.

Katiba ya akina mama wale tuliibadilisha fonti, tukaitoa kwa PDF, ikachapwa steshenari ile ile. Jina la mweka hazina na sahihi yake sasa viko ukurasa mmoja.