Kwa nini mjusi hukimbia kidogo, kisha husimama ghafla?

Mtazame mjusi anapokatiza juu ya jiwe. Anachomoka kama mshale, anasimama, ubavu unatutumka na kunywea mara kadhaa, halafu anachomoka tena. Husemwa kwamba anasimama ili aangalie kama kuna hatari, na ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine iliyomo ndani ya misuli yake: mijusi wengi hawawezi kukimbia kasi na kupumua vizuri kwa wakati mmoja.

Binadamu ana kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta hewa. Mjusi hana msuli huo. Yeye hutegemea misuli ya mbavu, nayo lazima ipanue kifua pande zote mbili kwa pamoja. Taabu ni kwamba misuli hiyo hiyo inatakiwa pia mbioni. Kwa kuwa miguu yake imetanuka kando, kila hatua humpinda kiwiliwili, mara kushoto, mara kulia. Upande mmoja ukikaza, wa pili unalegea. Mshika mawili, moja humponyoka, na hapa kinachoponyoka ni pumzi. Mwanabiolojia David Carrier alieleza jambo hili mwaka 1987: kadiri mijusi walivyoongeza kasi, ndivyo upumuaji wao ulivyopungua. Ndiyo maana mbio zao huendeshwa zaidi na nishati inayopatikana bila oksijeni, ambayo huisha upesi.

Mbona maumbile yakawa hivyo? Urithi huu una asili ya majini. Samaki huogelea kwa kupinda ubavu huku na huku, ila hupumua kwa matamvua, kwa hiyo kazi hizo mbili hazigongani. Wanyama waliotokana na samaki walipohamia nchi kavu walibaki na mwendo ule ule wa kujipinda. Baadaye, katika ukoo uliozaa mijusi, mbavu zikapewa na kazi ya kupumua. Mamalia walipata kiwambo, na miguu yao ikaja chini ya mwili, hivyo mgongo wao hupinda juu na chini wanapokimbia.

Kenge ndiye anayenivutia kuliko wote. Huyu ni mjusi, ana mbavu zile zile, na bado hutembea mwendo mrefu akitafuta mawindo. Watafiti waliwatembeza kenge kwenye mashine ya kukimbilia huku wakiwapiga picha za eksirei, na mwaka 1999 wakatangaza walichokiona: kenge hujaza hewa kooni, kisha misuli ya koo inaisukuma hadi mapafuni. Mdomo ulipozuiwa usifunge, pampu hiyo ikashindwa kazi na upumuaji ukapungua. Kikwazo cha mbavu kipo palepale; kenge amekizunguka kwa kutumia misuli mingine.

Msuli mwingine wa kuutazama kwa karibu umo mkiani. Unaanzia kwenye pingili za mwanzo za mkia na kujishikiza kwenye mfupa wa paja. Unapokaza, huvuta paja nyuma na kumsukuma mjusi mbele, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya mguu wa nyuma hutoka mkiani. Sasa, mjusi anayeukata mkia wake ili amponyoke adui hupotezaje mkia bila kupoteza mbio? Kwa kawaida, pingili zinazoweza kukatika huanzia nyuma ya eneo la msuli huo, nao husalimika.

Mamba naye anao msuli huu, na kwa ndege umepungua sana, kwa sababu mkia wao umefupika. Kwenye mapaja ya dinosauri wengi kuna kinundu cha mfupa mahali msuli huo ulipojishikiza, na kwa alama hiyo wataalamu hukadiria jinsi wanyama waliotoweka mamilioni ya miaka iliyopita walivyotembea.