Obama na kiti cha Illinois katika Seneti ya Marekani, 2004: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Kuna baa za mitaani Kenya ambako ukiagiza "Obama" unaletewa glasi ya bia ya Senator. Jina hilo limetokana na uchaguzi mmoja wa Illinois, na uchaguzi wenyewe husimuliwa kombokombo.

"Hotuba ya Boston ndiyo iliyompa useneta." Tarehe zinakataa. Hotuba hiyo, aliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston, ilikuwa Julai 27, 2004. Kura za mchujo za chama hicho Illinois zilikwisha kupigwa tangu Machi 16, na kati ya wagombea saba Obama alijizolea takriban asilimia 53. Dan Hynes, aliyekuwa na wakubwa wa chama nyuma yake, aliambulia 24. Blair Hull alimwaga mamilioni yake mwenyewe, lakini nyaraka za talaka yake zilipowekwa hadharani, kampeni ikaporomoka. Bahati ilikuwepo, sikatai. Ila kuvuka nusu ya kura mkiwa saba ni kazi ya mguu kwa mguu, na huyu ni mtu ambaye mwaka 2000 mbunge Bobby Rush alimshinda kwa kura mara mbili ya zake alipotaka kuingia Baraza la Wawakilishi. Boston ilimtambulisha kwa Marekani nzima, Illinois walishamjua.

"Tayari alikuwa seneta, alitetea kiti tu." Tangu 1997 alikuwa seneta wa bunge la jimbo, kule Springfield, makao makuu ya Illinois. Mkenya afikirie mwakilishi wa wadi anayegombea kwenda Nairobi. Kiti kilikuwa cha Peter Fitzgerald wa Republican, ambaye hakugombea tena.

"Alimbwaga mzungu." Jack Ryan wa Republican alijitoa Juni. Agosti chama kikamleta Alan Keyes, mweusi mwenzake Obama, kutoka Maryland. Kuhusu makazi, Katiba ya Marekani inataka tu uwe mkazi wa jimbo siku unapochaguliwa. Haikuwahi kutokea vyama vyote viwili vikubwa kusimamisha weusi kugombea kiti kimoja cha Seneti. Novemba 2 Obama alipata asilimia 70, Keyes 27. Weusi wa Illinois ni kama asilimia 15 ya wakazi, kwa hiyo anayesema alibebwa na weusi peke yao apige hesabu upya.

Na hili la "seneta mweusi wa kwanza" linaniuma zaidi, maana linamfuta mtu. Obama alikuwa wa tano. Wa nne alikuwa Carol Moseley Braun, mwanamke aliyechaguliwa 1992 na watu wa Illinois hao hao, akakalia kiti hicho hicho.